Mtande na Mshindio

Miaka thelathini na moja nilitengeneza mitambo ya kufuma
katika kiwanda cha matofali mekundu, Łódź,
nikaondoka na sikio moja zima
na imani kwamba kila tatizo lina nati yake.
Basi nilipopewa kipande changu cha bustani,
namba arobaini na mbili, nyuma ya reli,
kimejaa ukoka kama kichwa kisichomjua kinyozi,
sikuinama.
Nilikodi mashine.

Ilinguruma Jumamosi nzima.
Udongo ukapinduka, mweusi, laini, ukifuka mvuke,
ungedhani ni keki.
Nikamwita Bi Halszka juu ya ua: Njoo uone!
Akaja na kikombe chake cha chai, akatazama,
akaokota kipande cha mzizi, cheupe, urefu wa kidole cha mtoto,
akakiweka kiganjani mwangu kama mtu arudishaye chenji.
"Hiki," akasema, "ni mmea mzima.
Ulikuwa nayo mia. Sasa piga hesabu."

Mei ilipiga hesabu kwa niaba yangu.
Kila kipande kilitoa jani, kila jani ncha ya sindano;
mzizi nilioukata mara tisa ulinirudia na ukoo.
Ati dawa ya moto ni moto:
nikaenda dukani, nikanunua galoni ya dawa
yenye picha ya fuvu dogo, lenye adabu, pembeni.
Ikakaa bandani. Nilisoma maelezo mara nne.
Sikuifungua, na si kwa wema, nitasema ukweli:
Bi Halszka alikuwa akinitazama.

Kwake hukuuona udongo.
Makatoni ya friji na televisheni, yamebanduliwa gundi na pini,
yamelowanishwa, yamelaliana mabegani kama vigae,
na juu yake majani makavu kutoka uwanja wa kanisa,
nyasi zilizokatwa, maganda ya viazi.
Nikamwambia, hili ni jalala.
Akainua ukingo wa katoni kwa vidole viwili
kama mama ainuavyo shuka kuona kama mtoto amelala.
Ukoka ulikuwa humo, umepauka, umekonda, unatafuta mlango.
Na nyungunyungu, watu wazima wenye shughuli zao,
wakajivuta ndani kwa kukereka.

Ndipo nikaelewa, kwa lugha ya kazi yangu.
Kuna kitambaa chini.
Mtande ni mizizi iliyokwisha kufa na njia za nyungunyungu,
mshindio ni nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko pamba yoyote
niliyowahi kuipitisha kwenye tundu la sindano.
Kinashika maji. Kinapumua.
Nami nilikipitishia visu kutwa
kwa sababu ya nyuzi chache zisizo mahali pake.
Fundi gani hufanya hivyo?
Kiwandani ningefukuzwa kabla ya chai.

Sasa napalilia kwa magoti, mvua ikishakatika,
uma mkononi, navuta taratibu mpaka mzizi utoke mzima.
Mingine hukatika. Naitukana kwa Kipolandi safi.
Penye wazi napanda haradali; baridi huiua,
nayo hulala palepale ilipofia, ikawa blanketi.
Viwavi vya konani vinaozea ndani ya pipa la maji,
mbolea ya nyanya, vinanuka
hata Roch wa kamati, aliyekuja kukagua unadhifu,
alikagua upesi.
Ameniandikia barua: namba arobaini na mbili haipendezi macho.
Nimeitumia. Karatasi nene, wino kidogo,
nimeitandaza chini ya mche wa boga.

Bado kuna mbigili mmoja karibu na bomba, umenishinda.
Nimeukata, umeota. Nimeufunika, umetokea ubavuni.
Bi Halszka asema tuuache, una nyuki.
Nimekubali.
Mwaka huu.