Maneno Mawili ya Wilf Thackray

Kiharusi kilimkuta jikoni, mjini Barrow,
Februari, mvua ya Uingereza ikinyesha kiubavu,
kijiko cha sukari hakijafika kikombeni.
Kikazoa maneno yote: jina la mkewe,
siku za juma, matusi ya mpira,
sala fupi aliyofundishwa na bibi yake.
Kikasahau mawili kizingitini,
kama mwizi anavyoangusha soksi.

Pik ap.

Usidhani pikapu, gari la mchanga na mbuzi.
Hiki ni kitenzi na mkia wake,
na kitenzi cha Kiingereza kikishaota mkia
hakibishi hodi, kinaingia kila nyumba.

Miaka thelathini na miwili Wilf aliendesha teksi.
Redio ikikohoa: pik ap stesheni,
abiria wawili na mbwa.
Labda ndiyo sababu. Daktari hakukubali, hakukataa.

Enid, mkewe, akaishusha kalenda ya bucha
akaanza kuandika mgongoni.
Kidole kikielekea sakafuni: okota,
kidonge kimebiringika chini ya jiko.
Simu ikilia naye amekunja uso: pokea, mwanamke!
Saa tisa na robo, macho dirishani:
kamchukue mtoto shuleni.
Mtoto mwenyewe, Hilary, ana mvi, yuko Leeds,
ana mkopo wa nyumba na goti bovu.
Akipiga chafya, ni yale yale: nimeambukizwa.
Upepo wa Walney ukigonga mabati: unashika kasi.
Na mkahawani, akipapasa mfuko usio na kitu:
bili hii ni yangu.
Enid akamwacha alipe kwa vifungo vya shati.

Sisi tungekuwa na kitenzi kwa kila shughuli,
kila kimoja na kiti chake, na viambishi vyake mezani.
Yeye alikuwa na kiti kimoja,
akikikalia, akikipanda kubadili balbu,
akilala humo humo.

Kisha akaja Jaspreet, mtaalamu wa matamshi,
binti wa miaka ishirini na minne, koti limelowa.
Akamnong'oneza Enid: usihofu,
mambo yata-pik-ap.
Alimaanisha nafuu.
Enid akacheka hadi akashika sinki,
kisha hakikuwa kicheko tena.
Wilf akamtazama yule binti
kama mtu aliyekuta mwingine amevaa kofia yake.

Jumapili usiku, Enid anamnyoa,
povu mpaka sikioni, akamshika mkono.
Pik ap.
Enid akatazama sakafu: hakuna kitu.
Simu kimya. Upepo umelala.
Akaipitia kalenda, Januari mpaka Oktoba.
Pik ap, safari hii polepole,
na nyusi ya kushoto juu, ile ile
iliyomwopoa nje ya ukumbi wa dansi
mwaka wa sabini na moja, kisigino kimekatika,
halafu Enid akamwapia mama yake
kwamba alipewa lifti tu.

Opoa. Hakuliandika.
Alikwenda kuvaa koti, akarudi,
akaweka kigoda nyuma ya kiti cha Wilf, akaketi,
povu likikauka kwenye shavu moja.

Stesheni, akasema. Mtu mmoja.
Sina mbwa.