Vifaa Vyote, Mwisho Ijumaa

Juni ya Mbeya haiombi radhi.
Ukungu umeshuka Loleza, umeingia ofisini
bila kitambulisho, umekaa juu ya printa.
Nimevaa sweta mbili na kofia ya mke wangu,
na foleni imezunguka jengo mpaka kwa mama Atuganile
anayewauzia maandazi wanaongoja mtandao.

Mfumo wa zamani unahama.
Ndivyo tangazo lilivyosema, unahama,
kama mpangaji aliyeshindwa kodi.
Kila kifaa kije kijiandikishe upya,
mwisho Ijumaa saa kumi jioni.
Kisichoandikishwa kitabisha hodi
na hakitaitikiwa.

Soma namba.
"Nne, sita, O..."
Hakuna O, dada. Hiyo ni sifuri.
Herufi zetu zinaishia F.
"Kwa nini zinaishia F?"
Miaka tisa kwenye kiti hiki
na leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Gwamaka ana simu iliyopasuka kioo,
tunasoma namba yake kipande kwa kipande
kama barua iliyochanwa na mchumba.
Sekela wa mwaka wa tatu ana kompyuta mbili,
moja ni ya kaka yake aliyeko Tunduma.
Ananidanganya, najua ananidanganya, naandika.
Daktari Mwasomola amemtuma kijana na karatasi:
hii ni nane au ni B?
Kijana anatazama dari.

Jumatano usiku nikabaki na orodha ya zamani.
Wasiokuja walikuwa wengi:
waliohitimu, walioibiwa Mwanjelwa,
kishikwambi cha mhadhiri kilichotumbukia kwenye ndoo.
Wote kimya.
Ila mmoja. Kila dakika kumi, hodi.
Usiku hodi, Jumapili hodi, Idi na Krismasi hodi,
na kwenye nafasi ya jina la mwenyewe
neno moja tu: PAA.

Alhamisi nikaazima ngazi kwa mafundi bomba.
Juu ya maabara ya udongo, nyuma ya tangi,
nikakuta kopo jeupe, faneli, betri,
waya uliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na mwandiko niliokuwa nikiutania zamani:
USIGUSE. NAHESABU MVUA.
Mzee Ambilikile, fundi wa maabara.
Tulimzika Tukuyu mwaka juzi, matope hadi magotini.
Alikuwa hajatuambia ana kitu huku juu.

Kisingeweza kuja foleni. Hakina miguu.
Nikalala kifudifudi juu ya bati la baridi,
nikasoma tarakimu zake kwa tochi,
nikaziandika kiganjani
kama mwanafunzi anayeingia na majibu.

Mfumo mpya una masharti.
Jina la mmiliki: nikaacha wazi. Ukaniwakia mwekundu.
Nikaandika Ambilikile. Ukasema mtumishi huyu hayupo.
Nikatoka nje kidogo, nikanunua andazi,
nikarudi.
Nikaandika Mvua.
Ukasema, yanahitajika majina mawili.

Kwao, mtoto hubeba jina la mzee kwa kulitanguliza Mwa.
Nikaandika: Mvua Mwambilikile.
Kitivo? Kilimo.
Mwaka wa masomo? Nikachagua wa kwanza.
Ukakubali. Ukanishukuru hata.

Ijumaa watu walikuja wakikimbia, kama ilivyo desturi yetu,
saa tisa na dakika hamsini, simu zikiwa hazina chaji.
Sekela alirudi na kompyuta ya tatu.
Saa kumi mkuu wa kitengo alizima mtambo wa zamani,
feni zake zikapunguza pumzi, zikanyamaza,
na chumba kikawa kikubwa ghafla.

Nilikuwa nakunja sweta ya juu
skrini mpya ilipoandika mstari wake mdogo.
Saa kumi na dakika nane. Mvua Mwambilikile, hodi.
Milimita sifuri.

Ni Juni, itoke wapi.