Kodi ya Kiwanja

Tulitoka Sacramento saa tatu asubuhi, Jumamosi,
mimi, Sudi, na gari la kuazima linalonuka mbwa wa mwenyewe.
Barabara imepanda juu ya tuta, mto uko upande mmoja,
na upande wa pili, chini kuliko maji, miti ya mapeasi
imejipanga kama wanafunzi wanaongoja kukaguliwa kucha.
"Nani alijenga tuta?"
Wachina, nikasema. Kwa majembe na mikokoteni.
"Walilipwa?"
Kidogo.
Akarudi kwenye simu yake.

Locke, ukipiga chafya umeshaipita.
Mtaa mmoja, na uchochoro nyuma ya mtaa.
Nyumba za mbao, ghorofa moja moja, zimeegemeana mabega
kama watu wanaorudi matangani alfajiri.
Nilikuwa sijazima injini, bibi mwenye kofia pana
akagonga kioo: hapo usiegeshe, napitisha toroli langu.
Nikasogeza gari. Hakutabasamu.

Katika nyumba ya kamari ya kale, sasa ya makumbusho,
kijana wa zamu alitufundisha mchezo:
mimina vifungo, funika kwa bakuli,
kisha vitoe kwa kijiti, vinne, vinne, vinne.
Kinachobaki ndicho ulichocheza.
Mwisho ni kimoja, au viwili, au vitatu, au hamna kitu.
Mtu alivuna mapeasi msimu mzima
akaja kuuweka mbele ya hamna kitu.

Ukutani kuna maelezo, nikasoma nimesimama:
mwaka elfu moja mia tisa kumi na tano, mtaa wao jirani uliungua,
wakaja kujenga hapa, kwenye shamba la mzungu,
kwa kupeana mkono tu, maana sheria ya jimbo
haikuwaruhusu kumiliki ardhi.
Nyumba yao. Kiwanja chake.

Sudi akanivuta shati. Sikuwepo.
Nilikuwa Majengo, Mombasa, tarehe mosi,
nyanya yangu Mwanamkasi anatoa noti chini ya mkeka
kwa kuwa karani wa kiwanja amefika, amefunga baiskeli yake
kwenye nguzo ya baraza yetu.
Boriti zetu. Chokaa yetu. Kisima tulichimba sisi.
Mwenye ardhi hatukumwona hata siku moja,
tulimjua kwa kengele ya baiskeli.
Nyanya alipofariki tulirithi kuta na bati
zilizoning'inia hewani.

Nami miaka yote hii nikidhani
kujenga juu ya hewa ni ufundi wa kwetu peke yetu.

Mgeni siku mbili, twasema, ya tatu mpe jembe.
Hawa jembe walipewa ya kwanza,
wala hakuna aliyewaambia hesabu ya siku inaisha lini.

Uchochoroni tukamkuta tena yule bibi wa toroli,
ameinama kwenye bustani: kunde ndefu kama mikanda, maboga, na
"Karela!" nikapiga ukelele.
Akaninyanyulia macho. "Kwenu mnakula?"
Tunakula. Tunatia chumvi kwanza, ilie.
"Chumvi kwanza," akakubali, kama karani anayegonga muhuri.
Jina lake Suet Ying Lum, ana themanini na tatu.
Nikamuuliza, kwa adabu niliyoweza, ardhi sasa ni ya nani.
"Yangu. Tangu elfu mbili na nne.
Watoto wako San Francisco. Hawapendi uchungu."
Akafunga karela tatu katika gazeti.
Nilidhani ni zawadi.
"Dola mbili," akasema.
Nikatoa. Nilifurahi, sijui kwa nini, kumlipa
mtu aliyesimama juu ya chake.

Tulikaa saa mbili na dakika kumi.
Tukiondoka, Sudi amegeuka kwenye kiti cha nyuma,
anahesabu nyumba kwa kidole kiooni, nne, nne, nne.
Zimebaki ngapi?
"Tatu," akasema. "Lakini moja
sijui kama kuna mtu ndani."