Nipe Mji

Kisanduku cheupe kililetwa na posta,
ukubwa wake nusu ya boflo,
na barua: kiwekwe karibu na kitanda,
kisizimwe, kisifunguliwe.

Shee akakigeuza mara mbili, mara tatu,
bisibisi mkononi, miwani puani.
Hakina skrubu. Hakina mshono.
"Hii ndiyo ile nyumba isiyo na mlango," akasema,
"ila si yai."

Nyinyi hamumjui mtu huyu.
Miaka thelathini alifungua redio za watu,
akazipuliza vumbi, akazinusa
(waya ulioungua hausemi uongo)
akazirudisha zikisoma taarifa ya habari.
Hapa Grimsby ameshafungua birika, kibaniko,
na mita ya gesi, nusura atutie mashakani.

Mwezi wa pili wakamfungua yeye.
Daktari Hartley alichora nyuma ya bahasha:
betri hii, waya huu, moyo huu.
"Na ndani ya betri?"
Akacheka kidogo. "Hayo wanayajua walioitengeneza."
Shee aliikunja bahasha, akaitia mfukoni,
na basi zima la kurudi hakusema neno.

Saa nane za usiku taa ya kijani hupepesa.
Kifua chake hukisimulia kisanduku,
kisanduku nacho humsimulia nani, sijui.
Kuna mtu mahali, au si mtu,
anayesoma mapigo ya mume wangu
kama anavyosoma umeme wa jirani.
Mimi niliyelala ubavuni pake tangu ujana
sikuwahi kuletewa hesabu hiyo.

Jana nilimkuta gizani
sikio amelilaza juu ya plastiki,
vile alivyozisikiliza zamani redio zilizokufa.
"Chasemaje?"
"Chavuma tu, kama friji."
Kisha, kitoto kabisa: "Kitendawili."
"Tega."
"Kinanilinda, wala hakinijui."

Nikatazama dirisha, mvua, taa za bandari.
Jina lake nalijua. Kazi yake naijua.
Kinavyofanya, hata chembe.
"Nimeshindwa."
"Nipe mji."

Nikampa Grimsby yote,
na maghala yake ya samaki, na upepo wake,
na kodi tunayodaiwa.
Akaupokea, akaanza kama ilivyo ada:
"Nikaenda Grimsby, watu wakanilaki,
wakaniuliza jibu, nami nikawaambia..."

Akanyamaza hapo.
Taa ikapepesa,
ikakichukua kimya chake
ikakipeleka huko.