Meza ya Desemba

Niambie kwanza analala saa ngapi
huyo unayetaka kumpa kitabu.
Umri wake sitaki, wala kasoma hadi wapi.
Alalaye mapema mpe hadithi fupi.
Akeshaye mpe mauaji ya kurasa mia sita,
muuaji asijulikane mpaka birika likauke jikoni.

Ndivyo ninavyouza, mwaka wa kumi na tisa sasa,
kwenye meza ya plastiki kando ya stesheni ya Gyumri,
theluji ikidondokea majalada
nami naifuta kwa mkono wa koti
kama ampangusaye mtoto makamasi.

Jana kaja Haykanush, mwalimu wa hesabu:
"Mkwe wangu hapendi kitu chochote."
Nikampa kitabu cha mapishi, kurasa za keki zimechanika.
Mama huyo atakuwa na la kulalamikia hadi Pasaka.
Kacheka, kalipa, kasahau chenji.

Sero wa teksi, mwaka juzi, alitaka cha injini.
Nilimchomekea kijitabu cha mashairi katikati, bure.
Hajakirudisha mpaka leo.
Sijamwuliza. Mtu na siri yake.

Na Nazeli wa saluni aliomba chekundu,
chochote, mradi kifanane na pazia.
Msimcheke. Wapo walioingia kusoma
kwa mlango wa pazia.

Jioni, vidole vimeshakufa ganzi,
akasimama mtu, kofia mkononi, theluji kichwani.
"Ni ya kaka yangu. Yuko Krasnodar, anajenga.
Lakini hasomi. Tangu tetemeko hasomi."
"Alikuwa darasa la ngapi?"
"La nne. Kipindi cha jiografia."

Mimi, mropokaji wa meza hii, nikakosa neno.
Nikainama, nikavuta sanduku la chini kabisa,
lile la vitabu ambavyo hakuna aulizaye:
jiografia, darasa la nne,
mhuri wa maktaba isiyokuwapo tena,
na nchi iliyochorwa humo nayo haipo.

Akafungua. Akapekua taratibu,
akipuliza kila ukurasa kama uji wa moto,
akafika penye mito, akaweka kidole.
"Nadhani waliishia hapa."

Nilitaja bei ya mkate mmoja.
Akakitia kifuani, ndani ya shati, akaondoka,
kofia bado mkononi.

Wala sikumwuliza kaka yake hulala saa ngapi.

Nikafuta theluji.
Mteja wa mwisho alitaka kalenda.