Kushoto Tu

Waliileta Isevya kwa mkokoteni, saa nne asubuhi,
pikipiki ya Kitunga, iliyolala miaka thelathini na moja
chini ya magunia ya tumbaku.
Tangi limebonyea. Jina la kiwanda limeliwa na kutu.
Breki ya mbele sikuiona, nikadhani imeibwa.
"Haikuwa nayo," akasema Nyanzala, mjane wake.
"Kule uwanjani breki ilikuwa woga."

Mimi ni fundi wa baiskeli. Nilimwambia hivyo.
Akasema gurudumu ni gurudumu,
na mkono wako hauna papara.
(Bei alinipunja, lakini hilo tuliache.)

Nikafungua. Spoki zililia mojamoja,
nyingine zikakatika kama njiti za ufagio,
kitovu kikabaki mezani, kizito, uchi,
beringi zake zimeganda kwenye grisi iliyogeuka ulimbo.
Nikaziloweka kwa mafuta ya taa, ndani ya sufuria
ambayo mke wangu anaitafuta mpaka leo.

Zile kuukuu nilizipanga sakafuni, nipate kipimo.
Za gurudumu la nyuma zikanishangaza:
za kulia zimewazidi wenzao urefu,
kama upana wa ukucha.
Nikavaa miwani. Nikapima tena.
Kiwanda hakikosei upande mmoja tu.

"Nyuma ya karakana ya reli," Nyanzala akaanza,
akakaa juu ya tairi bila kukaribishwa,
"walilima duara kwa greda ya kuazima.
Mizunguko ishirini, vumbi mpaka kwenye meno,
na wote wanapinda kushoto. Kushoto tu.
Mguu umevishwa chuma, anauburuza, unachora ardhi,
na nyuma inamteleza nje, inamkataa
kama ndama anayekataa zizi.
Viatu vyake vya kushoto vilikuwa vinakwisha kwanza.
Nilikuwa nanunua jozi, natupa mmoja mzima."
Akacheka. Kisha akawa hacheki.

Spoki mpya nilizikata kutoka za bodaboda,
nikazichonga hesi, nikazipaka nta ya nyuki ya Sikonge
ili nati zipande bila kulalamika.
Tisa ndani, tisa nje, geuza, rudia,
hii ipite juu ya mbili, ijifiche chini ya ya tatu.
Thelathini na sita zikakaa, safi kama ukili,
nikasimama mbali kujitazama kazi yangu,
nikaona tundu la valvu limefunikwa na makutano.
Pampu haiingii pale hata kwa dua.
Nilianzia tundu moja pembeni, basi.
Nikafungua zote. Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu ni ya chaki na masikio.
Unazungusha; rimu inapojipaka chaki, hapo pana kosa.
Robo huku, nusu ya robo kule.
Anayekaza kwa hasira hutengeneza yai.
Nikagonga kwa spana, moja baada ya moja:
ti, ti, ti, to.
Nikaifuata ile to mpaka nayo ikasema ti.

Jumamosi akaja. Nikamzungushia.
Liliruka jepesi, halina kuyumba, halina neno,
kivuli chake ukutani kikawa duara moja tulivu.
Alilitazama mpaka liliposimama lenyewe.
"Limenyooka," akasema,
kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.
Halafu, taratibu: "Zile za kulia,
huwezi kuzirefusha kidogo? Kama zilivyokuwa?"

Nikamwambia gurudumu si picha ya ukutani.
Nikamwambia mjukuu wake Lugusha ndiye atakayepanda,
na shingo ni moja.
Akaitikia. Akazifunga zile kuukuu kwa upindo wa kanga,
zilizovunjika pamoja na nzima,
akazibeba kwapani kama kuni.

Alipofika kona nikachukua spana.
Moja ya kulia, karibu na valvu, nikailegeza
nusu ya robo. Haimwangushi mtu.
Nikaigonga: to.

Kesho Lugusha anaipeleka Sikonge kufuata asali,
kwa barabara inayopinda pande zote mbili.