Vumbi la Mkongo

Nilimwita Sikudhani
kwa kuwa miaka tisa ilipita bila mtoto,
na mama yake alishagawa nepi zote kwa mdogo wake.
Sasa ana miaka sita, na usiku, saa nane kasorobo,
kifuani mwake kuna mtu anapuliza filimbi.

Si filimbi ya mpira.
Ni ile ya mlinzi wa zamu, inayoita na kuita
na hakuna anayekuja.

Mimi ni fundi samani, Keko.
Kitanda cha mkongo, kabati la mninga, sofa la mkopo,
mkono wangu umepita hapo.
Randa inapiga, msasa unalamba,
na mbao inarudi kuwa unga
mwepesi kuliko wa muhogo, mtamu puani,
unakaa kwenye nyusi zangu kama uzee wa kuazima.
Jioni najikung'uta mlangoni, pa, pa, pa.
Sikudhani anakuja mbio, ananirukia,
anazika uso kwenye shati langu.
"Baba, unanukia kitanda kipya."

Chumba chetu Keko Machungwa kina ukuta mmoja unaolia.
Masika ya mwaka juzi maji yaliingia mpaka mvunguni,
yakatoka, yakaacha mstari kama wa wanja,
na juu ya mstari, kuvu:
kwanza vidoa vya chai,
kisha ramani ya nchi nisiyoijua, nyeusi, yenye visiwa.
Mwenye nyumba, Pazi, hupaka chokaa kila Shaabani.
Ikifika Idi ramani imesharudi,
imeongeza mkoa.

Temeke, kwenye benchi la mashine ya mvuke,
Daktari Mlowe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alichora mapafu nyuma ya kadi ya kliniki,
mti uliosimama kwa kichwa,
akasema: kuvu peke yake hubisha hodi,
vumbi peke yake hukwaruza kitasa.
Vikija pamoja, huyu anashika mlango, yule anaingia.

Akaona sijaelewa.
"Umewahi kuona mtu akiitiwa mwizi Kariakoo?"
Nimewahi.
"Basi hivyo. Chembe ya kuvu haijaiba kitu,
imepita tu, na kikapu chake.
Lakini vumbi limewaamsha watu tangu alfajiri,
wana hasira, wana usingizi, wana mawe mkononi.
Mmoja anapaza sauti: mwizi!
Mwili mzima unatoka na rungu.
Wanapiga, wanapiga,
na kinachoumia ni uchochoro wenyewe.
Kuta zinavimba. Njia inakuwa tundu la sindano."

Nilitazama kadi. Nilitazama mikono yangu.
Ndani ya kucha kulikuwa na mkongo.

Sikudhani.
Jina nililompa mtoto limegeuka utetezi wangu,
na hakimu yupo pale kwenye benchi,
kinyago cha plastiki usoni,
miguu haifiki chini,
ananipungia vidole viwili kutoka ndani ya mvuke.

Siku hizi navulia nguo karakana.
Ndoo ya maji, sabuni ya mche, kanga kuukuu.
Fundi mwenzangu Ulimboka ananicheka:
bwana harusi anaoga kila jioni, anamwoa nani?
Nyumbani nanyunyiza maji kabla ya kufagia.
Ukuta nimeukwangua, nimeusugua,
kitanda nimekisogeza dirishani,
na huko nje barabara inachimbwa,
vumbi jekundu haliulizi wenyewe wapo.
Nikifunga, kuvu inanenepa. Nikifungua, ndiyo hayo.
Natafuta upana wa dirisha kama napima bawaba:
vidole vitatu mchana, kiganja usiku.

Jana nilifika nimeoga, mkavu, safi.
Alininusa shingoni, akarudi nyuma.
"Wewe si baba."
Nikamwonyesha kovu la msumeno. Akalikagua, akakubali nusu.

Nikalala na sikio mgongoni mwake,
nikihesabu:
saa saba na nusu,
saa nane kasorobo,
saa nane,
pumzi ikipita kama msasa,
ule laini,
wa kumalizia.